Kumtafuta kereng'ende wakati hayupo

Kila Agosti simu yangu hujaa picha kutoka kwa watu wanaotembea kando ya mito yetu hapa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Kwenye picha kuna kidudu chembamba, kijani kinachong'aa kama bati jipya, kimening'inia kwenye jani. Swali huwa lilelile: "Ndiye?" Mara nyingi ndiye. Ila ninachotaka kujua mimi hukitafuta Januari, miti ikiwa uchi na kereng'ende wote wa aina yake wameshakufa.

Kwa Kiswahili neno kereng'ende tunawabebesha wadudu wawili tofauti. Yupo yule mnene, mwenye mbio, anayetua mabawa yametandazwa. Na yupo mwembamba kama njiti ya kiberiti, macho yamekaa mbalimbali, ambaye ndugu zake wengi hukunja mabawa mgongoni wanapotua. Ninayemzungumzia ni huyu wa pili, na katika hao, mmoja: Chalcolestes viridis, ambaye mimi humwita kereng'ende wa mierebi. Yeye hakunji mabawa, huyaacha nusu wazi. Wapo wenyeji wa hapa wanaofanana naye, kwa hiyo tazama doa lililo karibu na ncha ya bawa: lake limepauka na lina ukingo mweusi. Dume lake pia halina ule unga wa samawati ambao madume wa wenzake hupata wakikomaa.

Ng'ambo, Uholanzi na Ubelgiji, ni mdudu wa kawaida. Huku zamani alikuwa akisikika kwa nadra sana. Mwaka 2007 akaonekana mmoja Suffolk; mwaka 2009 wakaonekana wengi, Suffolk na Essex, na tangu hapo wameenea hadi London na kwingineko. Hakuwa wa kwanza kuvuka: kereng'ende mdogo mwenye macho mekundu, Erythromma viridulum, aligunduliwa Essex mwaka 1999. Joto linapanda, na wadudu wa kusini wanasogea kaskazini.

Lakini kuvuka bahari si kuhamia. Upepo mzuri unaweza kuleta kundi zima, na baridi ikija lote likaisha bila kuacha mtoto. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shida yangu ni kujua nani amefika siku ya tatu. Kwa aina nyingi ushahidi ni gamba. Tunutu, yaani mtoto anayeishi majini, hupanda kwenye tete, mgongo ukapasuka, mwenye mabawa akatoka na kuacha ganda tupu. Ganda hilo ni jepesi mno, mvua moja tu hulichukua.

Huyu wa mierebi, bahati nzuri, huacha alama kwenye mti. Dume na jike hutua wakiwa wameshikana kwenye tawi hai lililoinamia maji, na jike hupasua gome na kupenyeza mayai ndani, kisha husogea kidogo na kupasua tena. Mti hujaribu kupona, gome likavimba, na tawi likabaki na vinundu vilivyojipanga kama mshono wa gunia. Nikiwa na baridi ya kunitoa machozi, vidole huviona kabla ya macho. Makovu hayo hudumu miaka, yakizidi kutanuka kadiri tawi linavyonenepa, hivyo tawi moja laweza kunionyesha kwamba alikuwa akitaga hapa kabla hatujamwona.

Anayeanza hukosea kwa kukagua shina. Achana nalo. Kagua matawi membamba, unene wa kidole kushuka chini, yaliyo juu ya maji hasa. Mierebi (ile ile ya vijitoni katika Mambo ya Walawi) ndiyo ya kwanza, lakini hata mialda, miti mingine ya kando ya maji, hukubali. Na usipoona kitu, andika "sijaona", usiandike "hayupo".

Kazi hii ina adui mmoja, naye ana msumeno. Februari mwaka mmoja nilifika kwenye mfereji niliokuwa nimeufuatilia misimu mitatu nikakuta matawi yote ya ukingoni yamekatwa na kulazwa nyasini, usafi wa kawaida wa kabla ya majira ya kuchipua. Waliokata hawakuwa na kosa la makusudi. Hakuna aliyewaambia kwamba mayai hukaa ndani ya gome majira yote ya baridi. Nilikasirika hata hivyo. Nikachukua matawi manne yenye makovu, nikayasimamisha ndani ya ndoo ya maji uani, nikayasahau nusu.

Katikati ya Aprili, asubuhi, nikaona vitu kama nyuzi fupi vikichomoza kutoka kwenye vinundu na kudondoka. Vingi viliingia majini moja kwa moja. Kimoja kilianguka kwenye sakafu ya saruji, nikadhani kimekwisha. Kikajikunja, kikaruka. Kikatulia, kikaruka tena, upande usio na ndoo. Nikakisukuma kwa ncha ya jani mpaka kwenye kijiko, nikakimwaga ndani na wenzake.

Jioni ile nikaibeba ndoo hadi mferejini.