Kwa nini gari kuukuu la otomatiki huchelewa kushika gia asubuhi?

Unawasha gari alfajiri, unakanyaga breki, unavuta gia kutoka P hadi D. Kimya. Unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari linashtuka na kuanza kuvuta. Baada ya dakika kumi barabarani ugonjwa wenyewe hauonekani tena: weka R, weka D, gia inashika papo hapo. Ukisimulia, utaambiwa giaboksi imekwisha, tafuta nyingine. Huenda ikawa kweli. Lakini zile sekunde tatu zina maelezo yake, na ukiyaelewa utaelewa pia sehemu kubwa ya magonjwa mengine ya mashine hii.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba giaboksi ya otomatiki huendeshwa na oili. Meno ya gia zake hayaachani. Yameshikamana muda wote. Kwenye nyingi utakuta gia moja katikati, gia ndogo zinazoizunguka, na duara kubwa la meno linalozifunika zote. Kinachobadilika ni nani ameshikwa asizunguke na nani ameachiwa. Wa kushika ni klachi, yaani sahani nyembamba zilizopangwa kwa zamu, moja ya chuma tupu na moja iliyobandikwa karatasi ngumu ya msuguano, pamoja na bendi za chuma zinazokumbatia ngoma kwa nje. Sahani hizo hubanwa na pistoni, pistoni husukumwa na oili, na oili husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Tangu General Motors ilipoitia Hydra-Matic kwenye magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940, gia zimeongezeka na kompyuta zimeingia, lakini klachi bado zinabanwa na oili. Ndiyo maana magari mengi ya otomatiki ya aina hii hayawashwi kwa kusukumwa: injini isipozunguka, pampu nayo imelala, na hakuna klachi iliyoshika kitu.

Sasa turudi alfajiri. Usiku kucha sehemu ya oili imeshuka kutoka kwenye tokikonveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini hadi giaboksi kwa kutumia oili) na vijia vya juu, ikatulia kwenye sampu, yaani trei ya oili chini ya giaboksi. Ukiwasha, pampu inaanza kujaza upya. Kwenye gari lenye afya kazi hiyo huchukua muda usiouhisi. Kwenye gari la miaka ishirini, sili za mpira zinazozunguka pistoni zimepikwa na joto hadi zikakauka. Zikiwa baridi zinakakamaa kama kandambili iliyosahauliwa juani, oili inapenya pembeni mwake badala ya kusukuma pistoni, na klachi inangoja. Joto likiingia, mpira unalainika, unatanuka, unaziba. Gari "limepona" mpaka kesho.

Sili si mshukiwa pekee. Filta iliyoziba huleta dalili ileile, kwa kuwa oili baridi ni nzito na pampu inaivuta kwa taabu. Oili pungufu pia, maana oili hutanuka ikipata moto: kiasi kisichotosha asubuhi kinaweza kutosha mchana. Na rivasi mara nyingi ndiyo hulalamika mapema kuliko D, kwa sababu kwenye giaboksi nyingi inahitaji presha kubwa zaidi.

Kuna gari lenye tabia ya kinyume: asubuhi ni zuri, likipata moto gia zinaanza kuteleza, injini inanguruma huku mwendo hauongezeki. Hilo ndilo la kuogopa. Oili ya moto ni nyepesi na hupita kwenye kila mwanya, kwa hiyo pampu iliyolika, vali zilizolegea kwenye matundu yake au klachi zilizoisha hujitokeza wakati huo. Nikiulizwa kuhusu giaboksi, swali langu la kwanza siku zote ni hilo: inasumbua ikiwa baridi au ikiwa moto?

Halafu naomba dipstiki, kijiti cha kupimia oili. Watu wengi huipima vibaya. Gari liwe mahali tambarare na liwe limetembea hadi likapata moto. Injini ikiwa imewaka na breki imekanyagwa, pitisha gia kila nafasi, rudisha P, kisha bila kuzima injini chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Hivyo ndivyo ilivyo kwa magari mengi, ingawa Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo kitabu cha gari kisikae bure. Kama dipstiki ina alama za HOT na COLD, usisome COLD wakati gari limepata moto, utajidanganya.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Wekundu angavu ni oili changa. Wekundu uliogeuka kahawia ni uzee wa kawaida. Nyeusi yenye harufu kali ya kuungua ni karatasi za klachi zilizochomeka zikaelea humo. Povu linaweza kuwa ishara kwamba umejaza kupita kiasi, gia zinaichapa oili mpaka inaingia hewa, na hewa haisukumi pistoni. Ukiona rangi ya waridi iliyochanganyika kama maziwa, zima gari usiendelee na safari. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi hupoozwa na bomba lililo ndani ya rejeta, na bomba hilo likitoboka maji huingia kwenye oili. Karatasi ya klachi imebandikwa kwa gundi, na maji yenye dawa ya rejeta hula gundi hiyo. Giaboksi iliyokuwa nzima Jumatatu inaweza kuwa imebanduka karatasi wiki hiyohiyo.

Je, wajua kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) nyingi za Marekani zilitiwa mafuta ya nyangumi? Kazi yake ilikuwa kufanya klachi zishike kwa ulaini bila kukwaruza. Nyangumi huyo alipowekwa chini ya ulinzi wa sheria, wakemia walilazimika kutafuta mbadala. Nataja hili kwa sababu wapo wanaodhani ATF ni oili yoyote iliyotiwa rangi nyekundu. Msuguano wake umepimwa kwa aina ya klachi. Type F ya Ford ilitengenezwa ishike kwa nguvu, Dexron ya General Motors ishike polepole. Ukichanganya, gia zinagonga, au gari linatetemeka kana kwamba linapita juu ya matuta madogo wakati tokikonveta inapojifunga, yaani inapounganisha injini na giaboksi moja kwa moja, ikiwa mwendo umekolea.

Na ule msemo kwamba oili mpya huua giaboksi kuukuu? Nadhani oili inasingiziwa. Anayebadilisha oili baada ya miaka kumi na mitano kwa kawaida hufanya hivyo kwa kuwa gia zimeshaanza kuteleza. Karatasi imeisha, na hakuna oili inayoirudisha. Hata hivyo sishauri kuisafisha giaboksi ya namna hiyo kwa mashine ya kusukuma oili yote kwa nguvu, maana uchafu uliotulia miaka yote unaweza kuondoka ulipo na kwenda kukaba vali. Fungua sampu, mwaga kinachotoka, badilisha filta, jaza. Kinachotoka huwa kama theluthi moja hadi nusu tu, kwani nyingine imebaki kwenye tokikonveta. Endesha siku kadhaa, rudia.

Sampu ikiwa chini, usiharakishe kuiosha. Ndani yake kuna sumaku ndogo, na hiyo ndiyo shajara ya giaboksi. Uji laini wa kijivu unaopakaa kidoleni ni vumbi la chuma la miaka yote. Futa, rudisha sumaku mahali pake. Chembe za manjano zinazometa, ambazo sumaku haizivuti, ni bushi (pete laini ambamo shafti huzunguka) zinazolika. Makombo meusi yanayosagika ukiyafikicha ni klachi. Vipande vya chuma vyenye ncha unavyoweza kuvihesabu vinamaanisha giaboksi itashuka yote, na hakuna cha kubahatisha tena.

Ila kabla ya kushusha chochote, kagua vilivyo nje. Magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yana kebo inayotoka kwenye mfumo wa mafuta ya injini hadi kwenye giaboksi, kuieleza dereva amekanyaga kiasi gani. Kebo ikilegea, giaboksi hudhani gari halina mzigo: presha inashuka, gia zinabadilika mapema na kwa ulaini mtamu. Dereva anafurahi, kumbe klachi zinateleza kidogo kila mara zinaposhika. Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo, ukikanyagiwa mafuta mpaka mwisho, kizuizi kidogo kilichobanwa kwenye waya kinapaswa kuwa milimita 0 hadi 1 kutoka mwisho wa gamba la kebo. Marekebisho ni nati mbili. Magari mengine hayana kebo, yana kikopo chenye utando unaovutwa na hewa ya injini. Utando ukipasuka, injini hunyonya ATF na kuichoma: moshi mweupe nyuma, oili inapungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Mshindo ukiweka D nao unaweza kutoka kwenye mpira wa kushikia injini uliokatika, au injini inayozunguka kasi mno kabla hujaikanyaga.

Baada ya hapo, umeme. Taa ya O/D OFF (O/D ni overdraivu, gia ya juu ya mwendo wa kasi) ikimetameta kwenye Toyota za zama hizo, kompyuta imeona hitilafu kwenye umeme wa giaboksi na inajaribu kukwambia. Swichi ya O/D ikiwa ON na ufunguo umewashwa bila kuwasha injini, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha uchunguzi, kisha hesabu mimeto: sita, kimya kidogo, mbili, ni 62. Kwenye giaboksi kama A340E ya Toyota, 62 ni solenoidi (vali inayofunguliwa kwa umeme) ya kwanza ya kubadilisha gia, 63 ya pili, 64 ile ya kufunga tokikonveta, na 42 na 61 ni sensa za mwendo. Solenoidi hizo za kubadilisha gia zikipimwa kwa mita husoma takriban ohm 11 hadi 15. Namba hizo za solenoidi husema umeme umekatika au umegusana. Hazisemi solenoidi imekwama kwa uchafu. Ipe volti 12 kidogo usikie ikilia "tik". Usifanye hivyo kwa solenoidi ya kudhibiti presha, ambayo ohm zake ni chache sana, utaiunguza.

Tuseme gari letu la alfajiri limepita yote hayo. Oili iko sawa, filta mpya, kebo imenyooka, hakuna namba. Ubavuni mwa giaboksi kuna skrubu ya kupimia presha, kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Funga geji hapo gari likiwa baridi, weka D, utazame. Presha ikichelewa kupanda, angalia pampu na vali. Ikipanda mara moja na gari bado halisogei, oili imefika ila inavuja kwenye pistoni, na sasa kuna sababu ya kushusha giaboksi.

Juu ya meza, fundi anayejua kazi hakimbilii kupasua. Anachukua hewa ya kompresa, anaelekeza kwenye tundu dogo linalopeleka oili kwa kila klachi, anapuliza kwa presha ndogo na kusikiliza. Klachi nzima hujibu "duk", pistoni imebana sahani. Kwenye ile inayosumbua utasikia "shhh" tu, hewa ikipita pembeni mwa sili. Anaitoa pistoni, anachomoa sili iliyokwisha kuwa ngumu na bapa, analoweka mpya kwenye ATF, anaivisha taratibu isipinde mdomo. Anapuliza tena. Duk.