Je, wajua kwa nini Olivia de Havilland aliipeleka mahakamani kampuni iliyompa umaarufu?

Waliomwona Olivia de Havilland akiigiza Melanie, mwanamke mpole wa filamu ya Gone with the Wind ya mwaka 1939, hawangedhani kwamba miaka minne baadaye angeishtaki Warner Bros., kampuni iliyokuwa imemwajiri, na kuishinda.

De Havilland, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1916 na wazazi Waingereza, alikulia California, akaingia Warner Bros. akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1936 alitia saini mkataba wa miaka saba. Kampuni ilimzoesha kuwa mpenzi wa shujaa, hasa katika filamu nane alizoigiza pamoja na Errol Flynn, ilhali yeye alitaka wahusika wenye uzito. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mara mbili za kwanza alizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, filamu zenyewe zilikuwa za watayarishaji wengine walioazimwa kipaji chake.

Kiini cha ugomvi kilikuwa katika namna mikataba ya enzi hiyo ilivyofanya kazi. Mwigizaji aliyekataa kucheza nafasi aliyopangiwa alisimamishwa bila mshahara, na muda wa kusimamishwa kwake uliongezwa mwishoni mwa mkataba. Kwa hiyo kila alipokataa, tarehe ya kuwa huru ilisogea mbele, na miaka saba iliweza kugeuka kuwa minane, tisa au zaidi. Mkataba wa de Havilland ulipofikia ukomo mwaka 1943, aliambiwa kwamba bado anadaiwa takriban miezi sita.

Kwenda mahakamani kulihitaji ujasiri wa kweli, kwa maana mwaka 1936 mwigizaji mwenzake Bette Davis alikuwa ameshindwa jijini London katika kesi dhidi ya kampuni hiyo hiyo. Lakini wakili wa de Havilland, Martin Gang, alitegemea sheria ya kazi ya California iliyokataza mwajiri kumshikilia mtu kwa mkataba wa utumishi kupita miaka saba. Kampuni ilidai kwamba maana yake ni miaka saba ya kazi halisi. Mahakama ilisema ni miaka saba ya kalenda, iwe mtu amefanya kazi au amesimamishwa. Mwezi Desemba 1944 mahakama ya rufaa ilithibitisha ushindi wake na kuongeza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote: mfanyakazi hawezi kufungwa na saini aliyoitia kuikana haki hiyo, kwa sababu sheria iliwekwa kwa manufaa ya umma.

Ushindi huo haukuja bure. Kesi ilipokuwa ikiendelea, Jack Warner, mkuu wa Warner Bros., aliziandikia kampuni nyingine zisimwajiri, na kwa takriban miaka miwili hakupiga filamu yoyote. Sehemu ya muda huo aliutumia kuwatembelea wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Aliporudi alichagua mwenyewe kazi zake, na uchaguzi huo ukampatia Oscar mbili: ya kwanza kwa To Each His Own ya mwaka 1946, ya pili kwa The Heiress ya mwaka 1949.

Alifariki Paris mwezi Julai 2020 akiwa na umri wa miaka 104, na hadi sasa mawakili wa California huitaja kanuni hiyo ya miaka saba kwa jina lake.