Chembe za nano zimetulia, sawa, lakini kwenye maji gani?

Wanafunzi wengi wanaofanya mambo ya nano hapa Arusha wakileta ripoti wanaandika "chembe ziko thabiti", yaani zinaelea kwenye maji bila kugandana, halafu basi, wanaruka kwenda ukurasa mwingine, na mimi nawauliza kila mara, thabiti kwenye maji gani? Na kwa muda gani?

Chembe ya nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) ina atomu nyingi sana ambazo ziko juujuu, hazijashikwa pande zote, kwa hiyo muda wote inatafuta mwenzake igandamane naye ili eneo la nje lipungue. Yaani kugandana ndiko inakoelekea, sisi tunaichelewesha tu. Ila kuchelewesha kunaweza kuwa kwa muda mrefu mno, mwanasayansi Michael Faraday alitengeneza dhahabu nyekundu ya majimaji, yaani chembe ndogo za dhahabu zinazoelea kwenye maji, London miaka ya 1850 na chupa zake bado zipo pale Royal Institution, na yeye mwenyewe aliona ukitia chumvi ile nyekundu inageuka bluu, maana chembe zinagandana.

Chumvi inafanyaje? Dhahabu ya maabara tunaizungushia sitreti (inatokana na asidi ya ndimu), inapata chaji hasi, hasi kwa hasi zinasukumana. Ukimwaga chumvi ayoni zake, yaani vipande vyake vyenye chaji, zinafunika ile chaji, msukumo unakuwa wa karibu sana, mvuto wa chembe kwa chembe unashinda. Wanasayansi Derjaguin na Landau waliliandika hili 1941, Verwey na Overbeek 1948, na ndani yake kuna kitu wengi hawakipi uzito: kwenye chembe zenye chaji kali, kalsiamu yenye chaji mbili, kinadharia kiasi chake kinachotosha kugandisha ni kidogo mara 64 kuliko cha sodiamu yenye chaji moja. Kwa hiyo kuniambia tu maji yana chumvi haitoshi, niambie chumvi ipi.

Sasa njoo Arusha. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana sodiamu na baikaboneti kwa wingi, kalsiamu kidogo, na floraidi juu ya ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani, madoa kwenye meno ya watoto wetu yanaonyesha. Dhahabu yenye sitreti inaweza kuvumilia hapo kuliko kwenye maji ya kalsiamu. Lakini oksaidi ya chuma, ambayo kila mtu anaitaka kwa ajili ya kutoa floraidi, kwenye asidi ina chaji chanya na imetulia vizuri tu, ukifika pH 7 au 8 hivi chaji inaisha, na maji yetu mengi yako hapohapo au juu zaidi! Inagandana, inazama, na floraidi yenyewe ni hasi kwa hiyo hata ule mvuto wa kuivuta umeondoka, umepoteza mara mbili. Chembe za fedha, ile madini, nazo zina shida yake, oksijeni inaiyeyusha polepole na kloraidi inaibadilisha.

Kuna watu wanasema weka polima, zile molekuli ndefu kama nyuzi, zizunguke chembe. Ni kweli inasaidia, hata maziwa yametulia hivyo, zile chembe za protini zina vinywele vya nje pamoja na chaji, ukitia ndimu pH inashuka kuelekea 4.6 na maziwa yanakatika. Ila polima hiyohiyo inaziba sehemu ambayo floraidi ilitakiwa kushika, hapo umefanya nini?

Kwa kazi ya kuchuja maji mimi naona tuache kung'ang'ania chembe zielee, tuzishikishe kwenye mchanga au mkaa. Dk. Askwar Hilonga wa hapahapa Arusha aliunganisha nano na mchanga kwenye chujio lake, akapata Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza 2015.

Na kama lazima zielee, usipime potensheli ya zeta (kipimo cha nguvu ya chaji inayozisukuma chembe zisigandane) kwenye maji safi ya maabara ukaona milivolti 30 ukafurahi. Chota maji ya bomba la mtaani kwako, chota na ya kisima, mtu wa Moshi achote ya kwao maana hayafanani na yetu, changanya, pima saizi na zeta kwenye pH ya maji hayo, angalia baada ya saa moja, kesho, wiki ijayo, halafu kwenye ripoti andika maji yametoka wapi.