Usimamizi wa Sera na Taratibu katika Shirika la Afya Lenye Vituo Vingi

Usimamizi wa sera na taratibu ni kazi ya kuandika, kuidhinisha, kusambaza, kupitia upya na hatimaye kuziondoa nyaraka zinazoongoza utendaji wa shirika. Kazi hiyo huwa nzito pale shirika moja linapoendesha, tuseme, hospitali kuu kisiwani Mombasa, kliniki Nyali na zahanati Likoni, ng'ambo ya kivuko. Bodi ni moja, lakini kila kituo kina mazoea yake, kabati lake la dawa na njia yake ya kumfikisha mgonjwa hospitalini.

Sera hutaja msimamo wa shirika na anayewajibika, ilhali utaratibu hutaja hatua za kufuatwa. Sera yaweza kusema kwamba mfanyakazi yeyote aliyechomwa na sindano iliyotumika atahudumiwa bila malipo wala lawama. Utaratibu ndio utakaomwelekeza aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, amwarifu msimamizi wa zamu, apimwe, na ikiwa anahitaji dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, azianze mapema iwezekanavyo kabla saa 72 hazijapita, kisha azitumie kwa siku 28.

Sasa tuseme muuguzi wa Likoni amechomwa saa tatu usiku. Hospitali kuu ina dawa hizo wakati wote, lakini stoo ya zahanati yake imefungwa tangu jioni, na anachohitaji kujua ni nani mwenye ufunguo au, dawa zikiwa zimekwisha, ni gari gani litakalomvusha. Utaratibu unaomwambia aende kitengo cha dharura umeandikiwa watu wa hospitali kuu peke yao. Kwa upande mwingine, kila kituo kikiachiwa kujiandikia waraka wake, haitachukua muda kabla hatua za tiba zenyewe hazijaanza kutofautiana, na hilo ni baya zaidi. Njia ninayoiona kuwa bora ni waraka mmoja wa msingi, ambao hakuna kituo kinachoruhusiwa kuugusa, pamoja na kiambatisho cha ukurasa mmoja kwa kila kituo kinachotaja ufunguo, simu na usafiri. Msimamizi wa kituo hukiandika, na mwenye waraka, yaani afisa anayewajibika nao huko makao makuu, hukiidhinisha.

Mwenye waraka hutajwa kwa cheo, si kwa jina, kwa kuwa watu huhama. Yeye ndiye anayefuatilia tarehe ya mapitio na mabadiliko ya miongozo ya Wizara ya Afya. Chini ya Katiba ya Kenya ya 2010, sera ya afya ni jukumu la serikali ya kitaifa, nazo zahanati na hospitali za kaunti husimamiwa na kaunti, kwa hiyo shirika lenye tawi Mombasa na jingine Kilifi hushughulika na serikali mbili za kaunti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa upande wake, haibagui kituo: faili la mgonjwa lina ulinzi uleule kila mahali. Kadhalika jokofu la chanjo hubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, liwe Nyali au Likoni.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni kuziondoa nakala za zamani. Kuutuma waraka mpya katika kundi la WhatsApp la wauguzi si kuusambaza, maana ile karatasi iliyofunikwa plastiki na kubandikwa juu ya sinki la chumba cha sindano bado ipo, imefifia kwa jua, na muuguzi mgeni wa zamu ataifuata hiyohiyo. Kwa sababu hiyo kila nakala iliyochapishwa hupewa namba na kuandikwa katika daftari mahali ilipobandikwa, na kituo hakipewi toleo jipya kabla hakijarudisha la zamani.

Orodha ya saini za waliosoma haithibitishi mengi. Watu hutia saini wakiwa mlangoni. Mkaguzi hupata ukweli zaidi akimwendea muuguzi wa zamu ya usiku na kumwomba aonyeshe angefanya nini iwapo angechomwa na sindano dakika hiyo. Akibabaika, waraka na kiambatisho chake ndivyo vinavyokaguliwa kwanza, kabla mtu hajaandikiwa barua ya onyo.