Fangasi ndani ya lenzi: ninavyochagua na kutunza lenzi hapa Mwanza

Kijana mmoja mpiga picha alinijia na lenzi yake ya 70-300, ile ya kuvuta vitu vya mbali, ameiviringisha kwenye khanga kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. "Fundi, shikamoo. Picha zinatoka na weupe kama nimepigia ndani ya moshi. Kioo nimeshakifuta mpaka basi."

Niliigeuza, nikawasha tochi ya simu upande wa nyuma na kuchungulia kwa mbele, mwanga ukiingia kwa kuinama kidogo. Zilikuwemo. Nyuzi nyeupe nyembamba zimeanzia ukingoni mwa kioo cha ndani, zinagawanyika na kugawanyika tena kuelekea katikati, kama mizizi ya ulezi uliochipua juu ya kitambaa kibichi. Fangasi. Nikampa achungulie mwenyewe. Akanyamaza, kisha akauliza: "Imeingiaje na mimi sijawahi kuifungua?"

Haikuhitaji kufunguliwa. Mbegu za fangasi zimo hewani kila mahali, na lenzi ya kuzumu, yaani inayorefuka na kufupika kama hii, huvuta hewa kila unapoirefusha. Zikishaingia zinasubiri unyevu, giza na hewa iliyotulia. Nikamwuliza lenzi huwa inalala wapi. Begi la ngozi, juu ya kabati, tangu masika yaanze.

Wapiga picha wanaotoka pwani hunitumia maswali kuhusu chumvi. Ziwa letu ni la maji baridi, halili skrubu na pete za chuma kama bahari. Adui wa huku ni unyevu wenyewe. Tuna vuli na tuna masika, na hata katikati yake ziwa liko pale pale chini ya dirisha. Hewa ndani ya begi ikipita asilimia 60 ya unyevu na kubaki hivyo wiki kadhaa, fangasi ina kila inachohitaji. Chakula chake ni kidogo mno: mafuta ya kidole, vumbi, grisi ya lenzi yenyewe. Ikikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula lile tabaka jembamba la kioo, lile linalong'aa zambarau au kijani ukiinamisha lenzi. Nyuzi naweza kuzisafisha. Tabaka lililoliwa halirudi. Na kuna vioo viwili viwili vilivyounganishwa kwa gundi kuwa kitu kimoja. Fangasi ikiota katikati ya hapo, namwambia mteja wazi kwamba asinipe hela yake, atafute lenzi nyingine.

Wengi huogopa lenzi moja itaziambukiza zote. Mbegu hizo tunazivuta puani kila siku, kinachoamua ni ukavu wa mahali. Hata hivyo yenye fangasi naitenga, maana sioni sababu ya kulaza mbegu nyingi pembeni ya kioo safi.

Kabati la umeme la kukaushia ni zuri, mwenye uwezo anunue. Mimi nilianza na kontena la plastiki la jikoni, lile lenye mpira kwenye mfuniko na vibano pande nne, na mpaka leo nalitumia. Ndani naweka kipima unyevu kidogo na punje za silika jeli. Kipimo kikae kati ya asilimia 40 na 50. Usikishushe chini ya 30, kwa sababu grisi na mipira ya lenzi navyo vinahitaji unyevu kidogo. Chagua punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba maji. Zile za buluu zina kobalti, ambayo ni sumu. Zikishiba usizitupe. Ziweke kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, au zikaange kwa moto mdogo sana kwenye sufuria ambayo hairudi tena kwenye chakula, mpaka rangi irudi.

Mchele siukubali kabisa, na najua kanda hii mchele upo kila nyumba. Hunyonya unyevu kidogo mno, na unga wake wa pumba na wanga unaingia kwenye pete za lenzi na kuwa chakula cha kile kile unachokikimbia.

Halafu zitumie. Lenzi zinazotoka kila Jumamosi kwenda harusini sizioni sana mezani kwangu. Zinazoletwa ni zile zilizowekwa "zisichakae".

Nilijifunza kuchungulia kwa kuumia. Lenzi yangu ya kwanza ya mtumba niliikagua usiku, chini ya taa ya dukani, nikaona inang'aa. Asubuhi niliielekeza dirishani nikaona utando umetanda kama wa buibui. Tangu siku hiyo silipii lenzi kabla ya kuipitisha tochi mbele na nyuma. Tundu la ndani linalopitisha mwanga lazima liwe wazi kabisa unapochungulia: lenzi za Canon EF ukizitoa kwenye kamera hubaki wazi zenyewe, lakini Nikon nyingi zina kijipini upande wa nyuma, kisukume kwa kidole taratibu. Angalia pia kama visu vya tundu, vile vibati vinavyolifungua na kulifunga, vina mafuta, maana vikinata picha zitatoka na mwanga uliozidi. Nusa begi lililokuja nayo. Harufu ya uvundo inakwambia ilikolala. Mwisho bandika ukurasa wa gazeti ukutani, piga kwa f/8 (namba ya f ni kipimo cha tundu: ikiwa ndogo, tundu ni pana) ukiwa umesimama sawa nao. Pembe moja ikififia na tatu zikasomeka, kuna kioo kimekaa upande, huenda ilidondoka.

Ni ipi ya kununua kwanza? Anayeanza hapa mjini hupata sendofu na kipaimara kabla ya kitu kingine, kwenye kumbi zenye taa hafifu za rangi. Pale lenzi iliyokuja na kamera, ikirefushwa tundu lake haliwi pana kuliko f/5.6, hivyo inachoka mapema. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya hiyo, na ni katika zile za bei nafuu kabisa. Kumbuka tu kwamba kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kibao cha ndani kinachonasa picha) 50mm huona kama 75 au 80, yaani vitu vinakaribia zaidi, hivyo sebuleni kwa bibi harusi mgongo utagonga ukuta. Kwa vyumba vidogo napendelea 35mm. Mwenye Nikon za familia ya D3000 au D5000 anunue AF-S, yenye mota yake ndani, kwani kamera hizo hazina mota ya kuendesha fokasi ya lenzi za zamani.

Kwa ziwa lenyewe, filta ninayoitetea ni polaraiza. Pale Jiwe la Bismarck, mawe yaliyolowa na maji hung'aa mpaka rangi inapotea. Izungushe taratibu, mng'ao unazimika na unaona jiwe chini ya maji. Itakula mwanga karibu hatua mbili, yaani unabaki kama robo tu, kwa hiyo jua likikaribia kuzama, itoe. Filta ya UV siiwekei hela, kwa kuwa kamera za dijitali tayari zina kinga hiyo ndani. Kofia ya lenzi inakinga zaidi.

Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wakinasa kwenye kioo, usiwafute. Miili yao ina mafuta, utayasambaza. Wapulize kwanza kwa pampu ya mpira, fuata na brashi laini, ndipo tone la dawa ya lenzi kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo, ukizungusha kutoka katikati kwenda nje. Na ukitoka kwenye ukumbi wa kiyoyozi kwenda kupiga maharusi ufukweni Capri Point, funga vifaa ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado ndani, vikae hivyo nje dakika 20 au 30. Jasho litatua juu ya mfuko badala ya kioo.

Ile 70-300 niliifungua. Vioo viwili vilitakata, cha tatu kimebaki na alama mahali nyuzi zilipoanzia. Mchana picha zake sasa ni safi. Akielekeza jua la jioni, weupe kidogo unarudi, na nilimweleza hivyo kabla hajalipa. Juzi alinionyesha picha ya furukombe aliyempigia kisiwani Saanane, makucha yameshika samaki. Kabla sijauliza chochote alifungua begi akatoa kontena la plastiki. Kipimo kilisoma 46.