Kabla Hujasema Mamako Hajui Pesa, Niletee Stetimenti

Alhamisi ya wiki iliyopita kaja mwengine. Kijana nadhifu, ana kazi nzuri Nairobi, amerudi nyumbani kwa mapumziko ya siku nne, na asubuhi moja katika hizo nne ameamua kunipa mimi. Hakutaka mkopo. Alitaka kujua kama sako yetu, chama chetu cha akiba na mikopo, ina semina ya kuwafundisha wazee matumizi ya pesa, amwandikishe mamake.

"Anti, kila mwezi namtumia 8,000. Ikifika tarehe kumi na mbili ananipigia simu hana dawa ya presha. Halafu dadangu ananiambia mama katoa 1,500 mchango wa harusi. Harusi ya mtoto wa jirani! Na paa letu kule Kisauni linavuja."

Mimi ni afisa wa mikopo. Mwaka wa 17 huu niko kwenye kiti kilekile, ghorofa ya kwanza, si mbali na Mwembe Tayari hapa Mombasa, chini ya pangaboi linalozunguka likipenda. Hotuba hiyo nimeisikia kwa watoto wa Likoni, wa Changamwe, wa Mji wa Kale, na wa Doha kwa WhatsApp. Mama hajui pesa. Baba alikula kiinua mgongo. Wafundishwe bajeti. Jamani! Mwanamke aliyelea watoto watano kwa mahamri na mbaazi, akamsomesha huyu mpaka akalijua hilo neno bajeti, leo anahitaji semina ya nusu siku na chupa ya maji?

Nikamwambia ninachowaambia wote: mwombe mamako stetimenti ya M-Pesa ya miezi mitatu, anaitoa mwenyewe kwa *334#, mje nayo, ndipo tuseme nani hajui pesa. Na kwa kuwa si wote watakaopanda ngazi zangu, naandika.

Chukua mama wa mfano, nimemtengeneza kutokana na wengi niliowaona. Tarehe 5 mwanawe anatuma 8,000. Sekunde ileile, kabla mama hajavaa miwani, simu inakata 1,684 za Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Zinabaki 6,316. Daftari la dukani linataka 1,700. Mchezo wa mwezi, ule wa kupeana zamu, 1,000. Harusi ya jirani 1,500. Ameshika 2,116, na mwezi una siku 25 mbele. Dawa ananunua za wiki moja badala ya nne.

Mtoto akisimuliwa haya, jicho lake linakwenda moja kwa moja kwenye 1,500. Kila mmoja. Hata wahasibu. Kwa sababu harusi ina muziki na picha, na makato ya Fuliza hayana hata mtu mmoja aliyevaa dira.

Mimi jicho langu liko kwenye 1,684. Mama alifuliza 1,400 tarehe 20, pesa zilipokata. Kwa viwango vilivyoshushwa Oktoba 2022, ukichukua Fuliza unatozwa asilimia 1 papo hapo, hiyo ni 14, kisha deni la kati ya 1,001 na 1,500 linatozwa 18 kwa siku. Siku 15 ni 270. Jumla ya gharama 284, bila kugusa ushuru. Watu husema "asilimia moja tu," wakaishia hapo, kama kwamba 18 za kila siku ni sadaka.

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo sijaona semina yoyote ikilifundisha. Deni la 501 hadi 1,000 linatozwa 6 kwa siku, si 18, na siku tatu za mwanzo ni bure. Mama yuleyule angefuliza 1,000 kamili, zile 400 akaongeza kwenye daftari la dukani ambako muuzaji anamjua tangu hajaota mvi, angelipa 10 na siku 12 za 6, yaani 82. Tofauti ya 400 za mkopo imemtoa 202 za gharama. Si kwamba hajui pesa. Hajui mahali ngazi ya bei inaporuka, na wewe mwenye digrii ulikuwa hujui pia mpaka uliposoma hapa.

Zidisha 284 kwa miezi 12: 3,408. Kima cha chini cha SHA, bima ya afya ya serikali, kwa asiye na mshahara ni 300 kwa mwezi, na analipa mwaka mzima kwa pamoja, 3,600. Yaani pengo la wiki mbili mwisho wa kila mwezi linameza bima ya mwaka, kasoro 192. Na ukiwa hapo, sikia: makato ya SHA kwenye mshahara wako yanamfunika mke au mume na watoto. Mamako hayamfuniki. Kila mwezi kuna mtu anagundua hilo mbele ya dirisha la malipo hospitalini, tena usiku.

Sasa pengo lenyewe nani kalitengeneza? Mshahara wako unaingia mara moja, kwa hiyo unatuma mara moja. Mama anakula kila siku. Tuma 4,000 tarehe 5 na 4,000 tarehe 20 uone. Kutuma 8,000 ni 90, kutuma 4,000 ni 57 mara mbili, yaani umeongeza 24 ukaokoa 284. Nikimweleza mtu hivi huniangalia kama nimemwibia malalamiko yake.

Haya, tuje kwenye harusi, maana najua hamtaniacha.

Kinachonikera ni neno "michango" kutumiwa kama gunia. Hutiwa humo mchango wenyewe, mchezo, sare na tunza, kisha gunia zima linaitwa ufujaji. Mchezo ni akiba. Wanawake kumi, kila mmoja 1,000, zamu ikikufika unabeba 10,000 bila fomu, bila mdhamini, bila mimi. Nusu ya paa za mabati mapya ninazoziona zimetoka kwenye mchezo. Anayemzuia mamake kucheza mchezo ili "aweke akiba" anamfungia benki anayoimudu akampeleke kwa benki itakayomkata kila mwezi.

Mchango ni kitu kingine. Ni deni lenye jina. Kila mama ninayemjua ana daftari, la karatasi au la kichwani: fulani, 1,000, msiba wa mume wangu. Aliyekutolea 1,000 kwenye msiba, ukimpelekea 500 mwanawe akioa, mtaa utajua kabla pilau halijaiva. Kijana wangu wa Alhamisi nilimuuliza harusi yake ililipwa na nani. "Nililipa mwenyewe." Ukumbi uliulipia mwenyewe, sawa. Nyama? Mchele? Wapishi? Akanyamaza, akaangalia pangaboi.

Sare ndiyo ninayoipiga vita. Leso za rangi moja, dira la rangi moja, harusi moja, kisha kabatini. Hairudi kwa mtu yeyote isipokuwa wenye maduka wa Biashara Street. Mama mwenye harusi sita kwa mwaka akishona sare zote sita, hapo mna haki ya kumkalisha chini. Lakini mkalishe kwa sare, si kwa mchango. Ukimwambia asitoe mchango umemwambia asizikwe na watu. Tunza sina msimamo. Ile noti unayombandika bibi harusi huku unacheza, wakati mwengine inarudi kwako na wakati mwengine inaishia kwa mpiga ngoma, na kusema kweli nami hutunza.

Vitabu vya akiba nilivyosomea vingesema mchango ni mtaji wa kijamii, basi, sura inayofuata. Mimi nina shaka ambayo sijaimaliza. Mchango hauna riba. Elfu ya miaka kumi iliyopita inarudi elfu, pengine na kijisenti cha heshima, na unga haujakusubiri miaka kumi. Wengine huhama, wengine hufa, wengine huudhika tu. Mamangu alipofariki nilikaa na daftari lake nikaanza kulihesabu kama afisa, kwa kalamu nyekundu. Theluthi moja hivi haikuwa imerudi. Iliyobaki ilirudi karibu yote ndani ya siku tatu za msiba wake, bahasha kwa bahasha, ikapikwa biriani ya khitma. Alijiwekea miaka thelathini, akatoa siku ambayo hakuweza kula. Je, ile ilikuwa akiba nzuri? Kazini ningemkatalia mtu mpango kama ule. Lakini hatukukopa hata shilingi kumzika, na yule anayekuja kwangu kuomba mkopo wa mazishi huwa hana daftari. Sijui nikuambieje.

Kiinua mgongo nitakipitia haraka. Kwa miaka mingi, mpaka viwango vilipopanda Februari 2023, mfanyakazi alikatwa 200 kwa mwezi za NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, na mwajiri akaongeza 200. Tuseme ilikuwa hivyo siku zote, zidisha 400 kwa miezi 12 kwa miaka 30: 144,000, kabla ya riba. Hizo ndizo "mamilioni" aliyokula babako baada ya kubeba makasha bandarini nusu ya umri wake. Kama alinunua tuktuk ikafa baada ya mwaka, ni hasara, lakini usiniambie alichezea utajiri. Hakuwa nao.

La tangi la maji pia lina watu wake. Mama kanunua televisheni badala ya tangi, wakati maji ananunua ya mkokoteni kila siku. Tuseme mtungi ni 30 na anatumia sita: 180 kwa siku, 5,400 kwa mwezi. Kwenye karatasi, tangi linajilipa upesi. Nilishamwandikia mama mmoja mkopo wa tangi kwa hesabu hiyohiyo, nikajiona bingwa. Nilipokwenda kumtembelea, tangi lilikuwa juu ya msingi wake, jeusi, zuri, kavu. Mfereji wa mtaa ule unatoa maji siku mbili kwa mwezi, saa nane za usiku, kwa nguvu za mate. Lori la maji halikubali kwenda kumwaga lita 1,000. Mama alikuwa anaendelea na mitungi yake na juu yake ana rejesho langu. Jirani yake mwenye televisheni alikuwa anawatoza watoto shilingi kumi siku za mpira.

Msinielewe vibaya. Wako wazazi wanaofuja. Muguka ya kila siku, yale majani ya kutafuna, sina utetezi nayo, na mwaka 2024 kaunti ilipojaribu kuipiga marufuku mabishano yakaishia mahakamani, nami nilikuwa upande wa wake za watafunaji. Kamari nayo imeingia kwa wazee kimyakimya. Stetimenti huonyesha 50, 50, 100, 50, usiku wa manane, na mwenye simu ana miaka 66. Huyo hahitaji semina wala hotuba, na mimi sina dawa yake. Nimejaribu mara tatu nikashindwa mara tatu.

Watu huniuliza, basi nisimpe pesa mkononi, nilipe duka na duka la dawa moja kwa moja? Kwenye karatasi ni safi. Mwaka 2016 nilimfanyia hivyo babangu. Nilikuwa na hakika, mimi ndiye mtaalamu. Unga ulifika, dawa zilifika, na mkononi hakuwa na hata nauli ya matatu ya kwenda kumzika rafikiye Majengo. Hakunilalamikia. Aliacha tu kuniomba kitu chochote, na mguu ulipoanza kuvimba hakuniambia kwa muda wa miezi miwili. Siku hizi nikishauri mtu alipe moja kwa moja, namwambia alipe SHA na dawa tu, na kilichobaki kiwe cha mzazi, akitaka akile, akitaka akitunze kwenye ngoma. Ni kiasi gani kibaki? Nimewahi kusema robo. Nimewahi kusema theluthi. Nilizitoa hewani zote mbili.

Kijana wa Alhamisi alinipigia Jumapili jioni kabla hajapanda treni. Sauti ilikuwa chini.

"Anti, nimemwomba stetimenti."

"Amekataa?"

"Hajakataa. Amesema nitangulize yangu."

Nikamuuliza, sasa? Akasema mtandao haushiki vizuri pale kituoni, atanipigia akifika. Leo ni Ijumaa.