Somo la kemia lianzie kisimani

Msimu wa kupuliza mikorosho unga wa salfa (dawa ya ukungu) ukifika, malalamiko ya "maji ya salfa" hujaa mezani kwetu maabara. Safari hii tunawaomba walimu wa kemia wa Mtwara na Lindi watusaidie, maana mengi ya malalamiko hayo ni somo la darasani lililokosa mfano.

Salfa haiyeyuki majini. Ule unga wa njano unaoelea kisimani bado si tindikali, na kuuengua kwa kata hakumalizi shauri. Uliobaki ardhini hugeuzwa polepole na bakteria wa udongo: 2S + 3O₂ + 2H₂O → 2H₂SO₄. Mpeni mwanafunzi mfuko wa kilo 25 apige hesabu ya moli: ukigeuka wote, unazaa zaidi ya kilo 76 za asidi ya salfuriki. Atauliza mwenyewe mbona kisima cha babu yake hakijawa mchachu, na hapo ndipo mnapoingilia habari ya chokaa ya udongoni, inayozima asidi.

Kiashiria, kile kinachobadili rangi kuonyesha asidi au besi, msiagize mbali. Maji ya choya iliyochemshwa huwa mekundu ukitia ndimu, kijani ukitia maji ya majivu. Ila choya haitawatenganishia pH (kipimo cha uchachu) 5 na 6, na tofauti hiyo ya uchachu ni mara kumi.

Halafu hili la "tumeshachemsha". Kuchemsha huua vijidudu, basi. Naitreti (chumvi ya nitrojeni) ya mbolea na vyoo vya shimo haitoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inakolea. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Tumelisema mikutanoni hadi tumechoka.

Mkikuta shamba limeshuka hadi ukingoni mwa mto Lukuledi, msigombane na mkulima. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye kingo. Taarifa ianzie serikali ya kijiji, kisha ofisi ya maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Sampuli ya kupima kemikali ije kwenye chupa safi, si ya soda (moja ilifika ingali inanukia chungwa). Isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale, ijazwe pomoni, ikae kwenye boksi la barafu, itufikie ndani ya saa 24. Ya bakteria tunatoa chupa sisi, na hiyo haisuuzwi. Lebo iandikwe palepale chanzoni: kijiji, chanzo, tarehe, saa, jina la mchotaji. Isiyo na lebo hatuipokei.